Hodi za Taa Nane

Jumapili, 19 Septemba 1999
Kezia, mwanangu aliyeolewa Biharamulo, ameniachia daftari na kalamu mbili. Anasema, mama, andika kila siku mstari mmoja tu, mvua ilinyesha au haikunyesha, na Noeli nikija tutalinganisha mvua ya kwako Ngara na ya kwangu. Haya. Mimi darasani sikuingia. Herufi nilizipata kisomoni ukubwani, Kezia akiwa mgongoni ananinyonya sikio. Akikuta makosa humu ajue na yeye alikuwepo.
Leo haikunyesha.

20 Septemba
Haikunyesha.

23 Septemba
Haikunyesha. Mawingu yalikuja mpaka juu ya migomba ya jirani yangu Jovina, yakasimama, yakatuangalia, yakarudi Burundi.

27 Septemba
Ilinyesha. Kidogo, lakini udongo ulinukia mpaka nikakaa chini nikaunusa kama mtu anayenusa mtoto.
Nimeanza kupanda maharage. Amekuja mwanamke kutoka kambi ya wakimbizi kutafuta kibarua, anaitwa Nimpaye. Mwembamba, miaka yake kama thelathini. Anasema Kirundi, mimi namjibu kwa Kihangaza chetu, tunaelewana bila mtu kutoa jasho. Nimempa jembe. Anachimba mashimo yaliyonyooka kama uzi, halafu katikati ya mstari anasimama anaangalia hewani.
Nikamwambia, "Binti, hewani hatupandi."
Akasema, "Nisamehe, mukecuru." Akacheka kidogo, akaendelea. Mukecuru ndiyo bibi kizee, hata sisi tunaitana hivyo. Jioni nimempa maharage na mkungu mdogo wa ndizi.

30 Septemba
Ilinyesha asubuhi. Nimpaye amekuja.

2 Oktoba
Haikunyesha.
Jovina amenijia na mdomo wake. Anasema, "Dafroza, huyo Mrundi wako anaokota redio zilizokufa. Sokoni anawauliza watu kama wana redio isiyosema. Nani anatafuta redio isiyosema? Mchawi huyo."
Nimpaye alipokwenda kisimani nilifungua kifurushi chake. Ndiyo, nilifungua, kimewekwa kwenye nyumba yangu. Nikakuta nyaya zimefungwa vizuri kama uzi wa kusukia. Nikakuta vidudu vyeusi vyenye miguu ya bati pande zote mbili. Nikakuta taa ndogo, nyekundu na kijani, kama punje za mahindi zilizoiva vibaya. Zile zinazocheza mbele ya redio kaseti muziki ukipigwa.
Aliporudi nilimuuliza, sikuzunguka. "Hivi ni vya kurogea?"
Akatua ndoo. "Hapana, mukecuru. Ni vya kujaribia."
"Kujaribia nini?"
"Vitu vingine."
Nikamwambia akae aeleze mpaka nielewe, la sivyo kesho asije. Akakaa. Akasema ukiwa na chombo kimekufa, hujui kimefia wapi. Basi unatengeneza kisanduku kinachotuma ishara kwenye nyaya zake, waya mmoja mmoja. Na ishara ni mbili tu, nipo, sipo, nipo, sipo. Pale chombo kinapojibu, pazima. Pale kisipojibu, ndipo ugonjwa ulipo.
Nikafikiri. Nikasema, "Basi hiyo ni hodi. Unabisha, unasikiliza kama kuna mtu ndani."
Aliniangalia kama vile mimi ndiye niliyetoka kwenye kifurushi. "Ni hodi," akasema. "Ni hodi nane, mukecuru, nyaya nane, na kila mmoja unabisha kwa zamu yake."

5 Oktoba
Ilinyesha mchana kutwa. Hatukwenda shambani. Nimpaye ameketi jikoni kwangu, amechomeka msumari mnene kwenye makaa mpaka ukawa mwekundu, anayeyusha risasi na kuunga nyaya. Kabla ya kuunga anazungusha waya mara mbili kwenye mguu wa kidudu, kama mtu anayefunga kamba ya mbuzi. Nikauliza kwa nini. Akasema risasi yake ni kidogo sana, kwa hiyo waya lazima ushike hata risasi ikikosa.
Moshi, mvua juu ya bati, harufu ya risasi. Nilisinzia nikaota nyumba yenye milango minane, mtu anabisha yote, na mimi nina mikono miwili tu ya kufungulia.

6 Oktoba
Ilinyesha.

9 Oktoba
Ilinyesha asubuhi, ukungu baadaye. Kilima cha ng'ambo kilipotea mpaka saa nne.
Leo ameniambia habari ya mumewe. Anaitwa Ciza. Bujumbura walikuwa na chumba kimoja na meza moja. Mchana Ciza alitengeneza redio za watu. Jioni walitengeneza vitu vyao.
"Vya kuuza?" nikauliza.
"Hapana."
"Vya nyumbani?"
"Hapana, mukecuru. Havikuwa na faida yoyote. Tulivipenda tu."
Kwa mfano kisanduku kama hiki anachounga sasa, chenye taa nane. Watu wengine wakitengeneza taa nane, zinakimbia kutoka mwanzo mpaka mwisho kama siafu. Za Ciza hazikukimbia hivyo. Moja ilianzia kushoto, moja kulia, zikafuatana hatua kwa hatua mpaka zikakutana katikati, zikakaa kidogo, zikarudi. Walizima kibatari wakaziangalia mpaka ugali ukapoa.
Walipokimbia vita, kwenye mto watu waligawanyika. Yeye alivuka, Ciza alibaki upande wa pili kwenye kelele. Kambini ameuliza kila mahali. Kwa Msalaba Mwekundu ameandikisha jina. Hakuna.
Nikamwambia ale.

13 Oktoba
Ilinyesha. Maharage yameota. Yametoka yameinamisha shingo kama watoto walioitwa na padri.

17 Oktoba
Haikunyesha. Nimeanika betri zake za tochi juani pamoja na mihogo. Anasema jua linazirudishia pumzi. Jovina alipita akaona, akavuka upande wa pili wa njia.

21 Oktoba
Ilinyesha kidogo.
Leo zimewaka. Alikaa kwenye kona yenye giza nyuma ya mtungi, akagusanisha nyaya, na taa zikaanza. Ya kushoto, ya kulia. Zinafuatana, zinakutana, zinatulia, zinaachana. Hazina sauti. Nilikuwa nimeshika mwiko na sikuona uji ukimwagika. Kezia, usinicheke. Nimeona umeme wa misheni, nimeona taa za malori. Hizi hazikuwa zikimulika kitu. Zilikuwa zinatembea tu kama watu wanaojuana.
Nikamwambia, "Zinabisha."
"Ndiyo, mukecuru."
"Nani atajibu?"
Akazitenganisha nyaya, zikazimika.

24 Oktoba
Jumapili. Haikunyesha. Baada ya misa nimekwenda kwa Mayunga. Huyu ni Msukuma aliyekuja na ng'ombe wake kutoka Shinyanga, akauza nusu, akajenga hoteli ya chai pale kilimani ambapo malori ya mpakani Rusumo hupunguza mwendo. Anajisifu mpaka chai inapoa. Mimi sijawahi kumpenda. Lakini juu ya mlango wake kuna ubao wenye globu nane alioununua Mwanza, na tangu ununuliwe haujawaka hata siku moja.
Nikamwambia, "Mayunga, ule ubao wako ni maiti."
"Mayu," akasema, ndivyo wanavyoita mama kwao, "ule ubao unapumzika."
"Ninaye mtu wa kuuamsha."
Akaniangalia gauni na fimbo. "Mtu gani? Wewe?"
"Mimi nikipanda pale juu utanizika wewe. Mtu wangu ni Nimpaye wa kambini."

27 Oktoba
Ilinyesha alasiri. Nimpaye amepanda ngazi na kisanduku chake, amebisha hodi kwenye nyaya za ubao moja baada ya nyingine. Globu zote zikajibu. Kilichokufa ni kile kilichokuwa kinaziamrisha, kimeungua chote. Mayunga akasema basi kisanduku hicho kibaki kiwe bwana wao, yeye ana betri ya gari. Nimpaye akakubali, ila apewe muda atengeneze kifaa cha kubeba mzigo wa globu kubwa. Mayunga akauliza anataka malipo gani.
"Ubao utazame barabarani," akasema. "Na taa zikutane katikati. Usizibadilishe."
"Ni hilo tu?"
"Ni hilo tu, baba."
Njiani akaniambia. Malori yanatoka Rusumo, yanakwenda Isaka, yanarudi. Watu wote wanaotafuta watu wao wanapita barabara ile, kama si leo, mwezi ujao. Ciza akiziona atajua.

1 Novemba
Watakatifu wote. Ilinyesha.

4 Novemba
Ilinyesha. Jovina anasema mwaka elfu mbili dunia inakwisha, amesikia redioni. Nikamwambia mimi nina maharage ya kuvuna Januari, dunia isubiri.

8 Novemba
Ilinyesha. Ilinyesha na jana. Kila kitu kimeota ukungu, hata viatu vya marehemu mume wangu. Nimpaye ameondoka kwa jambo la kambini, ameniachia kisanduku. Akasema, "Mukecuru, unyevu ndio adui yake. Kitunze kikavu."
Nikamwambia anamfundisha nani.

15 Novemba
Ilinyesha siku zote hizi, sikuandika. Kisanduku kiko kikavu kabisa. Nimekiweka kwenye uchanja juu ya meko, kwenye mbegu zangu, pale moshi unapopita. Hapo mbegu ya mama yangu imekaa bila kuguswa na mdudu wala ukungu. Sina mahali pazuri kuliko hapo.

20 Novemba
Haikunyesha. Naandika mengi, Kezia, vumilia.
Nimpaye amerudi, na leo jioni tumefunga kisanduku na kile kifaa cha globu kubwa kwa Mayunga. Jua lilikuwa linazama, madereva wapo, Jovina naye alikuja, amesimama mbali na khanga mdomoni. Nimpaye akagusanisha nyaya na ubao ukaamka. Watu wakapiga makofi. Mayunga akapiga zaidi ya wote, kama vile amezizaa yeye.
Mimi nilikuwa namwangalia Nimpaye. Hakupiga makofi.
Nikatazama tena taa. Ya kulia inakuja taratibu hatua zake zote. Ya kushoto inakuja vizuri, moja, mbili, halafu ya tatu na ya nne zinawaka pamoja. Imeruka. Inafika katikati kabla ya mwenzake, inakaa pale peke yake. Ndipo wa kulia anafika. Kila mara hivyo.
Nimpaye akapanda akafungua kisanduku. Ndani kulikuwa kweusi. Akapitisha kidole, akakiangalia.
"Mukecuru, ulikiweka wapi?"
"Pale ninapoweka vitu nisivyotaka vife."
"Kwenye moshi?"
"Juu ya meko. Kwenye mbegu."
Kisha akanieleza, bila ukali, na bora angenitukana. Masizi ni makaa, na makaa yanapitisha umeme. Yameingia kati ya miguu ya kidudu yakajenga daraja, waya wa tatu sasa unapomwita mtu wake, wa nne naye anaitika. Akasugua kwa upindo wa kitenge. Yameganda kama lami, yanataka spiriti, na hakuna spiriti.
Nikasema, "Lakini zinawaka."
"Zinawaka. Ila Ciza akiziona hivi atasema aliyezitengeneza siyo mimi. Mimi siachi kazi ikichechemea, mukecuru. Anajua."
Tulirudi gizani. Vyura walikuwa wanaimba bondeni, yule wa kushoto anaanza, wa kulia anajibu. Niliwachukia.

22 Novemba
Ilinyesha. Nimekwenda zahanati kuomba spiriti. Wamesema ni ya sindano. Nikawaambia nina mgonjwa. Wakasema mlete. Nikarudi.

25 Novemba
Ilinyesha. Nimpaye hakuja.

29 Novemba
Ilinyesha. Nimpaye hakuja. Nimekwenda mpaka kwenye kizuizi cha kambi. Askari, mtoto mdogo tu, akaniamkia shikamoo, nikamwitikia, akaniambia watu wanahesabiwa, hakuna kutoka. Ninakwenda kwa Mayunga kila nikipata sababu. Taa ya kushoto inawahi, inasubiri. Madereva wameanza kusimama kuuliza mbona wa kushoto ana haraka. Wakisimama wanakunywa chai. Nimemwambia Mayunga akishushe kisanduku kisafishwe.
"Mayu, usikiguse. Kikipona hawa watapita bila kusimama."
"Wewe ni mtu mbaya, Mayunga."
"Kunywa chai, Mayu." Akanipa na andazi.

5 Desemba
Jumapili. Haikunyesha. Nimeota mimi ni taa. Nasubiri katikati, kuna upepo, nasikia hatua zinakuja lakini hazifiki.

9 Desemba
Ilinyesha asubuhi. Nimpaye amekuja, amekonda zaidi. Ana karatasi ya ruhusa ya kuvuna. Amesema sehemu yao ya kambi itahamishwa baada ya Noeli, wapelekwe kambi nyingine mbali, kusini. Ameyasema hayo huku anachambua mchicha, kama anataja bei ya chumvi.
"Na taa?" nikauliza.
"Acha, mukecuru. Zimebisha sana."
Mtu wa kubisha hodi kwetu hubisha mara tatu. Asipojibiwa anaondoka, ndiyo adabu. Nilimwelewa, na sikukubali.

13 Desemba
Haikunyesha. Maharage yanakauka mapema mwaka huu. Mayunga amenitumia kikombe cha maziwa ya mtindi, bila sababu. Huenda si mtu mbaya. Huenda ni mpweke, mtu mwenye kelele namna ile.

18 Desemba
Jumamosi. Ilinyesha, na mchana ukawa mweusi kama jioni.
Jovina alikuja asubuhi na chupa ndani ya khanga. Gongo. Amesema, "Kama ni pombe kali inayotakiwa kuoshea, hii inaosha hata dhambi. Usiseme imetoka kwangu." Sikusema. Nimeandika tu.
Nikamwacha Nimpaye nyumbani anapukuchua maharage, nikachukua chupa na fimbo, nikapanda kilima. Nilikuwa nimeamua, Mayunga atake asitake, nitapanda ngazi ile mwenyewe.
Nilipofika lori lilikuwa limesimama nje, taa zinacheza mvuani. Na juu ya ngazi kuna mwanaume, mwembamba, nguo za utingo zimejaa grisi, amefungua kisanduku cha Nimpaye na vidole vyake vimo ndani.
Nilimchapa miguuni. Kwa fimbo, mara mbili.
"Shuka mwizi wewe."
"Mama, shikamoo, siibi."
"Marahaba. Shuka."
Hakushuka. Mvua inamwingia shingoni na yeye amezama mle ndani, anaangalia karibu, kama mtu anayesoma. Akasema, si kwangu, kwa kisanduku, "Masizi."
Mayunga alitokeza kichwa. "Mayu, mwache. Kila gari lao likipita anaziangalia. Leo kamwomba dereva asimame. Anasema zinamkera."
"Zinakukera nini?" nikamuuliza.
"Wa kushoto anawahi," akasema. Kiswahili chake ni cha barabarani, na Kirundi chini yake. "Zingekuwa nzima ningepita. Nilipita mara nyingi usiku nimelala juu ya mzigo, nikaziona zinakutana katikati, nikasema watu wawili wanaweza kuwaza jambo moja. Lakini fundi aliyewaza hivi hawezi kuacha mmoja akichechemea. Nikasema nifungue nione mkono."
"Umeona mkono gani?"
Akashika waya kwa ncha ya ukucha. "Umezungushwa mara mbili," akasema. "Kabla ya risasi. Mara mbili, wote."
Chupa ilinitoka, ikavunjika kwenye jiwe la mlango wa Mayunga. Harufu ikamfumbua macho hata dereva.
Nikamwambia, "Ciza, funga kisanduku cha mke wako, uje."

Alinifuata. Hakuuliza kitu njia nzima, na mimi nikawa namwambia tu hapa kuna utelezi, hapa kuna jiwe. Tulipofika uani mvua ilikuwa imepungua, moshi unatoka chini ya paa, na ndani nasikia maharage yanaanguka kwenye ungo, tap, tap, tap. Nikasimama. Nyumba ni yangu lakini mlango ule wakati ule haukuwa wangu.
Akabisha. "Hodi."
Maharage yakanyamaza.
"Hodi," tena. Sauti yake ilikuwa ndogo kuliko mwili.
Nilijua Nimpaye yuko pale nyuma ya mtungi, mikono juu ya ungo, na sauti ile inampita masikioni na hawezi kuiamini. Alikwisha kuisikia mara nyingi mno ndotoni.
"Hodi."
Hakuna. Na huyu mtu, Kezia, baada ya mto ule na barabara zote zile, akainamisha kichwa na akageuka aondoke, kwa adabu, kwa kuwa amekwisha kubisha tatu.
Nikaweka fimbo mbele yake. "Kisanduku chenu kimebisha pale juu tangu mwezi wa kumi na moja bila kuchoka, na wewe tatu tu zimekutosha? Bisha."
Akabisha ya nne.
Ungo ukaanguka. Maharage yakatiririka mpaka kizingitini, mekundu, yakafika miguuni pake, na kutoka ndani sauti ya Nimpaye ikasema, "Karibu," kama mtu anayejaribu kama neno hilo bado linafanya kazi.
Nilikwenda kukaa kwa Jovina. Nilikaa huko mpaka aliponifukuza.

19 Desemba
Ciza alitaka kupanda akasafishe masizi, amepata spiriti kwa dereva. Nimpaye amemkataza. Amesema aache, wa kushoto awahi tu. Mayunga amefurahi, anawaambia madereva yeye ndiye aliyepanga hivyo.

21 Desemba
Wataondoka pamoja Noeli ikiisha, majina yao yameandikwa mstari mmoja. Nimemfungia Nimpaye mbegu za maharage za mama yangu, zile za kwenye uchanja. Zinanuka moshi. Amezinusa akacheka, akasema zile hazitahitaji kusafishwa.
Nimelia, lakini nikiwa napuliza moto, kwa hiyo si neno.

24 Desemba
Kezia anafika leo. Nimesikia gari barabarani, linapunguza mwendo pale kwa Mayunga. Mwanangu, usiniulize mvua. Ilinyesha au haikunyesha, mimi nilikuwa naangalia mlango.